Kadi Iliyopimwa Jumanne

Watu walimwita Mama Tulia kwa sababu ya neno lake moja. Kila aliyekaa kwenye kigoda cha studio yake, awe mtoto wa picha ya pasipoti au bwana harusi anayetokwa na jasho, aliambiwa "Tulia," na kweli alitulia. Kwa miaka kumi na tisa alilisema neno hilo katika chumba kilekile chenye pazia la buluu upande mmoja na jeupe upande wa pili, taa mbili zenye miavuli, na kioo ambacho kitana chake kilifungwa kwa uzi ili wateja wasiondoke nacho. Juu ya mlango ilining'inia saa kubwa ya duara yenye mshale mwekundu wa sekunde.

Saa ile haikuwekwa pale kwa ajili ya wakati. Iliwekwa kwa ajili ya kupimia kadi.

Asiyefanya kazi ya picha hudhani kwamba kamera ndiyo inayotunza picha. Kamera haitunzi kitu. Inayotunza ni kadi ndogo inayochomekwa ndani yake, isiyozidi ukubwa wa stempu ya posta, na kadi hizo zina uongo mwingi. Ziko zilizoandikwa gigi sitini na nne ambazo kwa kweli hazina hata gigi ishirini. Zimetengenezwa zijifanye kubwa. Unapiga, zinapokea, kamera inakuhesabia kabisa picha zilizobaki, nawe unarudi nyumbani kukuta nusu ya harusi ya watu ni miraba ya kijivu isiyofunguka. Ndiyo maana Mama Tulia hakuwahi kuingia kazini na kadi mpya kabla ya kuijaza. Aliitia kwenye kamera, akaisimamisha kamera kwenye miguu mitatu mbele ya ile saa, akarekodi mpaka kadi ijae. Kisha alifungua vipande vyote, kimoja baada ya kingine. Mshale mwekundu ukizunguka tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatika, kadi ni ya kweli. Ukipotea njiani, kadi ni ya kutupwa, na saa imekuonyesha ilianza kudanganya dakika gani.

Kipimo hicho alikibuni mwenyewe baada ya kuumia. Alimfundisha mtu mmoja tu, naye alikuwa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe. Alikuja studio akiwa na miaka ishirini, hajui lenzi wala kifuniko chake, akakaa miaka mitano. Alifagia, akabadilisha mapazia, akashika taa, akajifunza. Mama Tulia alimfundisha kwa moyo mweupe, hilo lazima lisemwe, maana mengine yatakayosemwa hapa si ya kumpamba. Kisha yule binti akaaga vizuri, akabusu mkono wa mama yake, na kufungua studio yake mwenyewe. Aliifungua ng'ambo ya barabara hiyohiyo, mlango unaotazamana na mlango.

"Nimekosa chumba kwingine, wifi," alisema. "Na pia nikikwama nitapiga kelele tu, utanisikia."

Mama Tulia alicheka, akampelekea maua ya plastiki ya kuweka mezani. Tangu siku hiyo hakupata usingizi wa mchana.

Ng'ambo ile palikuwa na dirisha la kioo kizima, na ndani yake picha moja kubwa ya bibi harusi anayecheka hadi meno ya nyuma yanaonekana. Mama Tulia hakuwa akiruhusu meno. Aliitazama picha ile kila asubuhi alipofungua mlango na kila jioni alipofunga, akitafuta kosa. Mwanga ulikuwa sawa, mkao ulikuwa sawa, na kicheko kile kilikuwa hai kama mtu aliyesimama chumbani. Hakuliona kosa, na hilo ndilo lililomkata maini. Akaanza kuhesabu wanaoingia kule. Alisimama nyuma ya pazia jeupe, akihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wakimsifia wifi yake alijibu haraka, "Mungu amzidishie," na ulimi wake uliona uchungu kama umelamba betri.

Wivu wa aina hiyo watu huuonea haya kuliko ugonjwa, kwa sababu hauna sababu ya kumweleza mwenzako. Utasema nini? Kwamba uliyemfundisha amejua?

Yote hayo angeyameza, lakini likaja suala la chuo cha uuguzi. Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo Mama Tulia ndiye aliyepiga picha za mahafali pale. Alimjua mlinzi wa geti, alijua jukwaa linapata jua saa ngapi. Mwaka huu mkuu wa chuo alimpigia simu, sauti tamu kama ya mtu anayekuja kukopa.

"Mama Tulia, hatujakuacha. Wanafunzi wenyewe wameomba. Wanataka picha za... zenye mwendo kidogo. Unanielewa? Na si kwa mtu baki, tumempa wifi yako. Kazi imebaki nyumbani."

"Imebaki nyumbani kabisa," alijibu Mama Tulia, akakata simu, akaipangusa kwa kanga kama iliyoingia uchafu.

Jumanne ya wiki ile wifi alivuka barabara mbio, kamera begani.

"Hodi, wifi! Upo au umejifungia na wateja?"

"Wateja gani? Si wote wako kwako."

"Ah, wewe nawe! Wale wanakuja kupoa, nina feni." Alicheka, akajitupa kwenye kigoda. "Nisaidie. Kadi zangu ni za kizamani, haziendi na hii kamera. Hii inapiga picha kumi kwa sekunde moja, basi kadi inashindwa kumeza. Nikibana mara tatu, kamera inasimama, kitaa chekundu kinawaka, nami nasubiri kama niko foleni ya hospitali. Huku mtu ameshapokea cheti ameshashuka."

"Nilikwambia utazame kasi ya kuandika, siyo ile namba kubwa wanayoipaka rangi. Ile kubwa ni ya kusoma."

"Nimetazama! Hii hapa ina alama ya kuandika sitini. Ijaribu uone, inameza kama chatu." Alitoa kadi nyeusi yenye mstari wa dhahabu. "Gigi sitini na nne. Nimeipata kwa muuza vifaa wa kule kona. Mwenyewe kaapa."

"Na kwa nini moja? Nilikufundisha mbili ndogo. Moja ikifa, nyingine inabaki."

"Kamera ina tundu moja, wifi. Nikianza kubadilisha kadi katikati ya jukwaa ndipo mzazi analia machozi ya furaha na mimi natafuta kidude kwenye begi. Nataka moja itakayobeba siku nzima." Aliinuka. "Naomba uniwekee kwenye saa yako. Mimi nina familia ya watu kumi na nne inakuja sasa hivi, sina nafasi. Nitaipitia jioni."

Akaondoka bila kusubiri jibu, kama mtu anavyomwachia dada yake mtoto.

Familia ya watu kumi na nne. Mama Tulia aliiona ikishuka kwenye magari mawili, mabibi, wajukuu, suti za rangi moja. Alifunga pazia. Akaitia kadi kwenye kamera, akaielekeza kwenye saa, saa nane kamili, akaanza kurekodi.

Kamera yake hukata video katika vipande vya dakika tano tano. Kadi ilipojaa, alikaa kwenye kompyuta akafungua cha kwanza. Mshale ulizunguka. Cha pili, cha tatu, cha nne, vyote salama. Cha tano kilianza vizuri, kikaganda saa nane na dakika ishirini na moja. Cha sita hakikufunguka. Cha saba hakikufunguka. Vyote vilivyofuata vilikuwa na majina na ukubwa, lakini ndani hamkuwa na kitu.

Kadi ilikuwa na kasi kweli. Ila ilikuwa na kasi ya kumeza na kutema, na kitu cha kubaki tumboni ilibakiza robo tu.

Mama Tulia alikaa akiitazama ile saa iliyoganda kwenye kioo cha kompyuta. Hakukasirika. Alisikia kitu kama ubaridi mzuri unaopanda kutoka miguuni. Akapiga hesabu bila kutaka, au tuseme ukweli, akitaka. Kwa faili za kamera ile mpya, kadi ingebeba kama picha mia nane. Wahitimu ni mia moja sabini na mmoja. Maandamano ya kuingia, hotuba, kisha picha sita au saba kwa kila mmoja. Ingeanza kupoteza baada ya mhitimu wa mia na kitu. Na kamera isingesema neno, kwa sababu picha mpya huonekana kwanza kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, ikang'aa pale nyuma sekunde mbili, mpigaji akaridhika akaendelea.

Alifuta vipande vyote. Akairudisha kadi katika kimfuko chake cha plastiki.

Jioni wifi alichungulia mlangoni, uso umechoka, midomo imekauka. "Umeipima?"

"Nimeipima."

"Basi nichukue?"

"Chukua."

Usiku Mama Tulia alijitetea mwenyewe kwa mwenyewe. Hakusema ni nzima. Aliulizwa kama ameipima, naye aliipima. Mtu mzima, mwenye wajukuu njiani, alijificha nyuma ya neno la kweli kama mwizi aliyejificha nyuma ya mlango wa msikiti. Ukweli uliotolewa ili mtu apotee ni uongo, hata kama kila herufi yake iko mahali pake, na yeye alilijua hilo. Jumatano alienda kwa mama mkwe, akamkuta wifi yake anashona pindo la gauni la mama, akakaa naye ubavuni akamsaidia kushona. Walizungumza habari za bei ya vitunguu.

Jumamosi saa tatu asubuhi ukumbi wa chuo ulijaa. Mama mkwe alikuwa ametaka kumwona binti yake akifanya kazi "mbele ya watu wakubwa," na asingeweza kupanda ngazi peke yake, kwa hiyo Mama Tulia alimsindikiza. Walikaa mstari wa tatu. Begi lake la kazi alilipakata mapajani kwa mazoea, kamera na kadi zake ndani, ingawa hakuna aliyemwalika kupiga picha.

"Mtazame," alinong'ona mama mkwe. "Anavyochutama! Si atapasua sketi?"

"Hapasui, Mama. Ameivalia suruali ndani."

Wifi alikwenda kama maji. Alichutama, akaegemea nguzo, akarudi nyuma hatua mbili bila kutazama alipokanyaga. Wahitimu walipanda mmoja mmoja. Mkuu wa chuo alitoa cheti, kisha mzazi alipanda na kumvika mwanawe beji ya uuguzi kifuani. Kamera ilisikika kama mtu anayechana kitambaa. Mama Tulia alihesabu. Watu wengine walihesabu wahitimu. Yeye alihesabu mibofyo. Mia tatu. Mia tano. Mia sita na themanini.

Ilipofika mia nane, mhitimu wa mia na nane alikuwa jukwaani, msichana mwembamba mwenye miwani. Mama Tulia aliona moyo wake ukipiga kwa nguvu, na katika mapigo hayo mlikuwa na furaha. Tuseme hivyo bila kuizungushia maneno. Alifurahi. Mia na tisa akapanda, mia na kumi, wakatabasamu mbele ya kadi isiyoshika kitu, na yeye akapiga makofi pamoja na ukumbi mzima.

Kisha akapanda mhitimu wa mia thelathini na mmoja.

Alikuwa binti mnene, mpole, na baba yake alipanda akiwa na sare ya ulinzi, kofia kwapani, kwa maana alikuwa anaelekea zamuni. Alimvika binti yake beji, akarudi nyuma kumtazama, akagundua ameiweka juu chini. Ukumbi ukacheka. Yeye naye akacheka, akafunika mdomo kwa kofia, na binti, badala ya kuigeuza beji, akamshika baba yake mashavu yote mawili kwa mikono yake. Wifi alikuwa ameshapiga goti, chini kabisa, upande wa dirisha, mahali ambapo mwanga uliwapiga wote wawili usoni.

Mama Tulia akajikuta amesimama nusu. Miaka kumi na mmoja ndani ya ukumbi ule hakuwahi kupata picha kama ile. Roho ilimuuma kama iliyopigwa msumari: picha ile ni ya wifi, itakaa dirishani kule ng'ambo, kubwa, watu watasimama barabarani kuitazama.

Ndipo akakumbuka kwamba haimo. Haimo kwa wifi, haimo kwa mtu yeyote. Picha nzuri kuliko zote alizowahi kuziona zikipigwa ilikuwa imeshapotea wakati makofi bado yanalia, na aliyeipoteza ni yeye.

Asije msomaji akadhani aliinuka hapohapo. Alikaa tena. Wahitimu wanane wengine walipanda wakashuka huku akibishana na magoti yake. Baba mwenye sare alitoka kwa mlango wa nyuma, akitazama saa ya mkononi. Mhitimu wa mia thelathini na tisa alipokuwa anashuka, Mama Tulia aliinuka, akampita mama mkwe, akapanda ngazi za jukwaa mbele ya watu wote.

"Wifi, simama. Toa hiyo kadi."

"Nini? Mama ana nini?"

"Mama mzima. Kadi imekufa. Tazama picha za nyuma."

Wifi alibonyeza kitufe. Mraba wa kijivu. Akabonyeza tena, kijivu, kijivu, kijivu. Uso wake ukawa wa rangi hiyohiyo. Alirudi nyuma mpaka akakuta picha ya mwisho iliyo hai: msichana wa mia na saba. Thelathini na wawili walikuwa wamepotea.

"Mungu wangu. Wifi, Mungu wangu."

"Tulia. Hizi hapa mbili, zangu. Zina uzee lakini zinashika. Bana mara mojamoja, usizikimbize."

Mkuu wa chuo alitangaza mapumziko mafupi na kuwaita wale thelathini na wawili warudi na wazazi wao. Walirudi kwa kelele na utani. Mmoja alisema kwa sauti, "Mimi sasa nimehitimu mara mbili, mshahara wangu ukumbuke!" Ukumbi ulicheka, hofu ikapungua, wifi akapiga upya. Na hapa ndipo jambo baya kuliko la Jumanne lilipotaka kutokea, kwa sababu watu walianza kumshukuru Mama Tulia.

"Hilo ndilo jicho la mtu mzima!" alisema mkuu wa chuo, akimshika mkono. "Umejuaje toka kule chini?"

"Kile kitaa cha kamera," alijibu. "Kiliwaka vibaya."

Uongo ulitoka laini kama siagi. Mama mkwe alifika akiegemea viti, machozi yanamtoka. "Mwanangu wewe ni mama wa pili wa huyu mtoto. Nani angemwokoa leo?" Wifi alimkumbatia kwa mkono mmoja, kamera mkono mwingine, akamwambia sikioni, "Sitasahau, wifi." Mama Tulia alizipokea zote. Kwa miaka miwili, tangu mlango wa ng'ambo ufunguliwe, alikuwa akitamani kusimama pale juu akitazamwa hivyo. Ilikuwa tamu. Angeweza kushuka nayo mpaka nyumbani, na hakuna mtu duniani angemuuliza tena.

Wahitimu thelathini na mmoja walipigwa upya. Akabaki mmoja, yule binti mnene. Alisimama peke yake, akiwa ameshika beji mkononi.

"Baba ameshaondoka," alisema. "Anaingia zamu saa sita. Ile ya kwanza... haipo kabisa? Hata kidogo?"

Wifi alishusha kamera, akamshika mikono yote miwili. "Dada, nisamehe. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyenunua kadi kwa tamaa ya kasi. Wifi yangu aliipima vizuri, yeye hana kosa, ni mimi niliyei..."

"Niliipima," alisema Mama Tulia, "na niliona."

Wote wawili wakamgeukia.

"Uliona?" aliuliza wifi. "Uliona nini, nasema?"

"Kwamba ni feki. Robo tu. Iliganda saa nane na dakika ishirini na moja. Nikaifuta, nikakurudishia."

Mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka pale, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Alikaa polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Tangu Jumanne?" aliuliza wifi.

"Tangu Jumanne."

"Jumatano tumeshona pindo pamoja."

"Ndiyo."

"Tukazungumza vitunguu."

"Ndiyo."

Wifi akamsogelea. "Nimekufanyia nini? Sema mbele ya mama. Nimekutukana? Nimekuibia?"

"Hujanifanyia kitu. Unapiga vizuri kuliko mimi. Basi."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine."

Jukwaani walikuwa wanamwita mpiga picha. Walibaki wahitimu thelathini na wawili ambao hawajapanda hata mara moja. Wifi alifuta macho kwa kiganja, akaikagua lenzi isije ikawa imelowa. "Mimi usiniombe radhi sasa hivi, nina kazi. Na kadi zako nitazitumia, kwa sababu sina nyingine. Muombe huyu. Picha ya baba yake utaitafuta wewe kwa miguu yako. Na itatoka kwa muhuri wa studio yangu. Kazi ni yangu."

"Sawa," alisema Mama Tulia.

Jumatatu adhuhuri alienda na yule binti kwenye ghala la saruji ambako baba yake alilinda geti. Binti alivaa joho juu ya sare ya hospitali, vumbi jeupe likamshika mpaka magotini. Baba alifurahi kuwaona.

"Nisimame vipi? Kama mlinzi au kama mwizi? Huku wote tunasimama hivihivi."

"Simama kama juzi," alisema binti.

"Ile ya juzi ilikuwa na kasoro gani hasa? Mimi niliona mpiga picha mpaka amepiga magoti."

Mama Tulia alikuwa anarekebisha miguu ya kamera. Angeweza kuendelea kuirekebisha. "Haikuwa na kasoro. Niliacha iharibike, makusudi."

Mlinzi alivua kofia. "Kwa ajili ya binti yangu?"

"Hapana. Kwa ajili ya wifi yangu. Binti yako simjui."

"Kumbe sisi tulikuwa njiani tu," alisema, bila hasira, kama anayeandika namba ya gari linaloingia. Akavaa kofia tena, akainyoosha. "Haya. Piga."

Alimvika beji sawasawa safari hii. Aliikagua mara mbili, akanyoosha mgongo, akatazama lenzi kama anayekaguliwa na mkubwa wake. Mama Tulia alitaka kusema "Tulia," akaona hakuna haja. Hakuna aliyekuwa anatikisika. Binti alitabasamu kwa adabu. Mama Tulia alipiga picha kumi na mbili, zote safi, zote zina mwanga, na hakuna iliyokuwa ile.

Alichapa iliyokuwa bora zaidi, akaitia kwenye bahasha, akavuka barabara ili igongwe muhuri. Studio ya ng'ambo ilikuwa na watu. Mama mwenye mapacha, vijana wawili wa picha za kitambulisho, na mzee mmoja mwenye suti aliyekuwa anajitazama kwenye kioo akifanya mazoezi ya kucheka. Kijiba cha roho kilimpanda palepale, kilekile, cha moto, kama hakikuwahi kutajwa mbele ya mtu. Alikihisi, akakijua.

Aliinyoosha bahasha juu ya vichwa vya watu. Wifi hakuinua macho kutoka kwenye kamera.

"Kuna foleni," alisema.

Mama Tulia akarudi nyuma, akasimama baada ya mzee mwenye suti.